Arusha ya Bendera na Arusha ya Ajira

Ni miji michache barani Afrika ambayo majina yake yamebandikwa kwenye hati nyingi za maendeleo kama Arusha. Azimio la 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa na kujitegemea, lilipitishwa hapa. Julai 1980 wachumi na wanasiasa wa Kusini na Kaskazini mwa dunia walikutana hapa kuhoji mfumo wa fedha wa kimataifa. Februari 1990 ikatoka hati ya Afrika ya ushiriki wa wananchi katika maendeleo, na mwaka 1993 wakuu wa forodha duniani wakatoa tamko lao la uadilifu, nalo likabeba jina la mji huu. Ongeza makubaliano ya amani ya Rwanda ya Agosti 1993 na ya Burundi ya Agosti 2000. Kisha tazama majengo: makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na Bunge na Mahakama yake, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Umoja wa Posta Afrika ambao jengo lake refu lilizinduliwa 2023, na tawi la mahakama ya masalia ya Umoja wa Mataifa kule Lakilaki. Kijana aliyehitimu shahada ya uchumi au ya masomo ya maendeleo, awe amesoma Chuo cha Uhasibu Njiro, Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru au Makumira, au amerudi nyumbani kutoka Mlimani au Mzumbe, ana kila sababu ya kuamini kwamba ajira yake iko chini ya mojawapo ya bendera hizo. Hoja yangu ni kwamba bendera zinampoteza. Kazi inayohitaji ujuzi wake iko kwenye vyama vya akiba na mikopo, vyama vya mazao, vyombo vya maji, ofisi za kata na mpakani Namanga, na hata anayetaka kuifikia bendera siku moja hana njia ya kweli isiyopita huko.

Tuanze na hesabu ya viti. Jumuiya ina nchi wanachama 8 tangu Somalia ilipojiunga mwaka 2024. Nafasi za watumishi wenye taaluma hugawanywa baina ya nchi hizo, kwa hiyo kuwa mwenyeji wa makao makuu hakumwongezei Mtanzania kiti hata kimoja, sembuse mkazi wa Sakina au Ngaramtoni. Mkataba wa kazi huwa wa miaka mitano unaoweza kuongezwa mara moja, na matangazo mengi hudai miaka kadhaa ya uzoefu, mara nyingi na shahada ya pili juu yake. Mhitimu wa juzi hayumo. Taasisi yenyewe nayo haijatulia kifedha: inategemea michango ya serikali wanachama, wachelewaji ni sugu, na vikao vya Bunge la Afrika Mashariki vimewahi kuahirishwa kwa sababu ya ukata. Programu zake nyingi hubebwa na wafadhili, na hata jengo la makao makuu lililozinduliwa Novemba 2012 lilijengwa kwa fedha za Ujerumani. Kinachobaki kwa kijana wa mjini ni nafasi ya kujitolea kwa miezi michache, nauli akibahatika, na barua ya kuthibitisha kwamba alikuwepo. Barua hiyo ina thamani, sikatai, ila mwenye nyumba haipokei badala ya kodi.

Halafu kuna historia, ambayo kwa maoni yangu ndiyo ushahidi mzito zaidi. Ndani ya nusu karne Arusha imeshuhudia ajira za kimataifa zikikatika mara tatu, na kila mara uamuzi ulitoka mahali ambapo mji haukuwa na sauti. Jumuiya ya kwanza, iliyoundwa 1967, ilivunjika 1977. Jengo lenye mabawa matatu ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, ambalo leo tunaliita AICC, likabaki bila mwenyewe aliyekusudiwa na kugeuzwa kituo cha mikutano. Mali na madeni yalikuja kugawanywa kwa makubaliano ya 1984, baada ya usuluhishi wa miaka kadhaa ulioongozwa na Mswisi Victor Umbricht, lakini madai ya mafao ya waliokuwa wafanyakazi wa Jumuiya upande wa Tanzania yaliburuzwa hadi miaka ya 2000, wazee wakiandamana Dar es Salaam kudai stahiki zao. Mara ya pili ilikuwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Iliundwa na Baraza la Usalama Novemba 1994, ikakaa kwenye mabawa yale yale ya AICC, ikawashtaki watu 93, na kwa miaka ishirini ikaajiri wakalimani, wahasibu, madereva na walinzi wengi wa mji huu. Ilifunga milango tarehe 31 Desemba 2015. Chombo kilichorithi shughuli zake kiliundwa kwa makusudi kiwe kidogo. Mara ya tatu ni juzi tu. Januari 20, 2025, serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai 1 shirika la USAID lilikuwa halipo tena kama chombo kinachojitegemea. Uingereza nayo ilitangaza Februari mwaka huo huo kushusha misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027. Walioathirika hawakuwa maofisa wa kigeni peke yao. Mashirika ya ndani yaliyokuwa yakipokea fedha kwa mkono wa pili au wa tatu yaliamka na miradi isiyo na bajeti.

Wapo watakaosema misaada hupanda na kushuka, itarudi. Itarudi kiasi, pengine, lakini si kwa sura ile. Tanzania iliingizwa na Benki ya Dunia katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini Julai 2020, na kadiri kipato cha nchi kinavyopanda ndivyo mkopo unavyochukua nafasi ya ruzuku. Mkopo wa mradi wa maji au barabara huajiri mkandarasi, mhandisi na mshauri elekezi. Hauajiri maofisa uhamasishaji kwa makumi. Mradi mkubwa wa maji wa jiji la Arusha, uliogharimu takriban shilingi bilioni 520 kwa sehemu kubwa ikiwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ni mfano wa pesa ya maendeleo ya leo: mabomba, matangi, visima, kisha mamlaka ya maji inayotakiwa kukusanya ankara ili huduma isife. Kazi ya mchumi ipo humo, nayo iko kwenye bei ya maji na makusanyo yake. Ndiyo maana namwonea shaka mhitimu anayejifunza kwa bidii kuandika andiko la mradi kwa lugha ya wafadhili, anajua mantiki ya viashiria na jedwali la matokeo, lakini hajawahi kufunga hesabu za mwezi za kikundi chochote. Ujuzi wake una mnunuzi mmoja, na mnunuzi huyo ameondoka sokoni. Azimio lililotoka mjini humu humu lilionya dhidi ya kuegemea fedha za wageni, na onyo hilo kwa kawaida tunalisoma kama siasa ya taifa. Mhitimu anaweza kulisoma kama ushauri wa ajira.

Basi serikalini? Ngazi zake zinajulikana: Mchumi Daraja la II, Afisa Maendeleo ya Jamii, Afisa Ushirika, Mtakwimu. Mshahara ni wa uhakika na pensheni ipo. Tatizo ni foleni. Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596 mwaka 2025 ilipokea maombi zaidi ya 135,000, yaani wastani wa watu wapatao 85 kwa kiti kimoja. Kuomba kupitia Ajira Portal hakumgharimu mtu kitu, na kila mhitimu aombe. Kosa ni kuugeuza usaili kuwa ndio mpango wenyewe wa maisha, mwaka hadi mwaka, huku shahada ikichacha.

Hebu tushuke sasa kwenye miteremko ya Meru, ambako watu hulalamika hakuna ajira huku kazi zikifanywa vibaya kwa kukosa wa kuzifanya. Chukua mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024, baada ya ripoti za Mkaguzi Mkuu kutaja miaka mfululizo mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi visivyokuwepo. Wengi walisoma habari hiyo kama habari ya wizi, na wizi ulikuwemo. Lakini fungua andiko la kawaida la kikundi cha kufuga kuku, kiwe cha Maji ya Chai au Kikatiti. Katiba ipo, muhtasari wa kikao upo, akaunti ya benki ipo, mhuri wa mtendaji upo. Kisichokuwepo ni bei ya mfuko wa chakula cha kuku, idadi ya vifaranga wanaotarajiwa kufa, jina la atakayenunua, na mwezi ambao fedha ya kwanza itaingia ikilinganishwa na mwezi ambao rejesho la kwanza litadaiwa. Kikundi kama hicho kitashindwa kulipa hata kama wanachama wake wote ni waadilifu. Kukadiria mtiririko wa fedha wa banda la kuku ni hesabu ya muhula wa pili chuoni. Wanakikundi wanaihitaji, kata inaihitaji, benki inayokubali kusimamia mikopo hiyo inaihitaji, na mwenye kuijua yuko nyumbani Usa River akisubiri simu ya shirika la kimataifa.

Hali ni hiyo hiyo kwenye fedha ndogo kwa ujumla. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne, na daraja la nne ni vikundi vya kijamii, vile tunavyoviita vicoba. Juu yao wako SACCOS chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na wakopeshaji wasiopokea amana. Kila daraja lina masharti ya usajili, vitabu na taarifa. Mikopo ya kausha damu imestawi kwa kiasi kikubwa kwa sababu mama anayekopa hana wa kumsomea riba ya mwezi kuwa riba ya mwaka, na kikundi chake hakina wa kukiandalia vitabu vitakavyokifanya kikopesheke kwa bei nafuu. Mhitimu anayevitunzia vikundi kumi na tano vitabu kwa ada ndogo ya kila mwezi ana kazi, na baada ya miaka mitatu ana kitu ambacho hakuna semina inayokitoa: takwimu za kaya halisi kwa miezi 36.

Au chukua maji. Upande wa Ngarenanyuki na maeneo mengi yanayouzunguka mlima, maji yana madini ya floraidi kupita kiasi kwa sababu ya miamba ya volkano. Meno ya kahawia ya watu wazima ni ushahidi usiohitaji maabara. Sayansi ya kuyasafisha imefanyiwa kazi miaka mingi pale kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kwa kutumia mkaa wa mifupa, na Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru imeendeleza utafiti wake. Kwa hiyo swali lililobaki kwa sehemu kubwa ni la kiuchumi: nani atalipia chujio likichoka, ndoo iuzwe bei gani ili fedha ya kubadilisha chujio ipatikane, na familia isiyo na uwezo ihudumiweje bila kuua mfuko? Tangu Sheria ya Maji ya 2019 na kuundwa kwa RUWASA, wakala wa maji vijijini, skimu za vijijini zinaendeshwa na vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, ambavyo vinapaswa kuwa na watu wa hesabu na usimamizi. Sijui mahali pazuri zaidi pa kuufanyia majaribio mtaala mzima wa masomo ya maendeleo kuliko meza ya chombo kimoja cha maji.

Kilimo cha mboga, maua na mbegu sitakieleza kwa urefu kwa kuwa kinajieleza. Chama cha sekta hiyo, TAHA, kiko hapa tangu 2004, Kituo cha Mboga Duniani kina ofisi yake ya kanda hapa tangu miaka ya 1990, na kampuni za mbegu zimejipanga kando ya barabara ya Moshi. Mnunuzi wa Ulaya wa maharage machanga anataka kumbukumbu ya kila dawa iliyopulizwa na kila debe lililovunwa, na kuwaongoza wakulima wadogo hadi kundi lao lipate cheti ni kazi ya mtu anayejua watu na anayejua jedwali. Namanga nayo, umbali wa saa mbili hivi, ina kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Desemba 2018. Anayetaka kuuelewa mtangamano wa Afrika Mashariki akae wiki moja na wakala wa forodha pale, amwone mama mwenye magunia ya vitunguu akidaiwa cheti cha uasili wa bidhaa. Atajua kuhusu Umoja wa Forodha wa 2005 mambo ambayo ukumbini Arusha hayatajwi, na siku nafasi ya mtaalamu wa biashara itakapotangazwa makao makuu, yeye ndiye atakuwa na uzoefu unaodaiwa.

Pingamizi la kwanza linanigusa. Kazi hizi hulipa kidogo. Ofisa mikopo wa kampuni ndogo hulipwa kwa kamisheni na kutumwa kubeba magodoro ya wadaiwa. Msimamizi wa shamba la maua huweza kukaa miaka bila mkataba wa maandishi. Ni kweli, na sitamshauri mtu aite unyonyaji kuwa uzoefu. Mkataba wa maandishi ni haki ya kisheria, chama cha wafanyakazi wa mashambani kipo, na mwajiri anayeficha mshahara kwenye kamisheni anastahili kuachwa. Lakini tulinganishe sawa kwa sawa. Mhitimu hachagui kati ya SACCOS na mshahara wa Jumuiya kwa dola. Anachagua kati ya SACCOS na kujitolea bila malipo katika shirika ambalo huenda lisiwepo mwakani.

La pili ni kwamba sekta binafsi ya Arusha nayo huanguka. Utalii ulithibitisha hilo: wageni walioingia nchini walikuwa 1,527,230 mwaka 2019, wakashuka hadi 620,867 mwaka 2020, na mji huu ukahisi kila mmoja aliyepungua. Ila tazama kilichofuata. Mwaka 2023 wageni walipita milioni 1.8. Soko lenye wateja wengi huumia likapona, kwa sababu hakuna mtu mmoja anayeweza kulifunga kwa saini. Mradi wa mfadhili hufungwa kwa saini, na aliyeajiriwa humo hana mteja mwingine wa kumwendea. Hoja ya utalii inanifundisha kuepuka kuegemea sekta moja, jambo ambalo mtu wa hesabu za vikundi, maji na mazao kwa pamoja analitimiza vizuri kuliko wengi.

Pingamizi la tatu ndilo lenye uzito wa kimaadili: tukiwageuza wasomi wa maendeleo kuwa watunza vitabu na mawakala, nani atawasemea wafugaji na wakulima mbele ya wenye nguvu? Jibu liko kwenye historia ya mlima wenyewe. Mwishoni mwa 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki, ili ardhi yao ipewe walowezi wachache. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alifika New York na kulieleza shauri hilo Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Hakuwa mwajiriwa wa shirika lolote la kimataifa. Alitumwa na Wameru, kwa nauli waliyoichanga wenyewe. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini shauri lilisikika dunia nzima, na lilisikika kwa sababu msemaji alikuwa na watu nyuma yake waliojipanga na wenye mfuko wao. Utetezi unaolipiwa na ruzuku hunyamaza ruzuku ikikatika, kama tulivyoona 2025. Kwa hiyo kujenga chama chenye vitabu safi na fedha yake ni kazi ya haki sawasawa na kuandika tamko.

Kwa vyuo, hitimisho ni la kawaida kabisa na linaweza kuanza muhula ujao bila mtaala mpya. Wanafunzi wa uchumi wanahitimu na hesabu bila kuijua kata. Wa maendeleo wanaijua lugha ya kata bila hesabu. Waratibu wa mafunzo kwa vitendo wa Njiro, Tengeru na Makumira wawapange wawili wawili, mmoja kutoka kila upande, na barua zao zielekezwe kwanza kwenye SACCOS, vyama vya mazao, vyombo vya maji na ofisi za kata za Arusha na Meru, na zielekezwe kwenye ofisi zenye bendera pale tu nafasi hizo zitakapokuwa zimejaa. Ripoti ya mafunzo isipokelewe bila hesabu za miezi miwili zilizofungwa na kusainiwa na mweka hazina wa kikundi.